Koti la Kompyuta

Katika nyumba ya Bibi Kokwijuka, pale Nyaishozi, hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake, chupa ya chai ina chake, makochi manne yana vitambaa mgongoni na mikononi, na hata saa ya ukutani, ambayo haijatembea tangu mzee wake afariki, imefumiwa ukingo wa maua. Bibi aliishia darasa la tatu, lakini akishika sindano ya kufumia hakuna mwalimu wa kumsahihisha. Kwa hiyo siku ile bodaboda alipopanda kutoka barabarani na boksi kubwa lililofungwa kwa kamba za mpira, na mjukuu wake Restuta akija nyuma kwa miguu amekumbatia boksi la pili kama mtoto mchanga, Bibi hakuuliza kompyuta inafanya nini. Aliuliza, "Hiyo itavaa nini?"

"Bibi, hii haivai."

"Kila kitu kinavaa. Vumbi la barabara hii halichagui kipya."

Restuta alicheka, akaanza kukata kamba. Ilikuwa Jumamosi. Ndani ya maboksi mlikuwa na kioo, kibodi, printa, na lile sanduku jeusi ambalo ndilo kompyuta yenyewe, jipya kabisa, bado linanukia duka. Walilinunua pamoja, kwa kahawa ya Bibi na akiba ya Restuta ya miaka miwili aliyofanya kazi ya kuchapa kwa watu kule mjini Kayanga. Sasa alitaka kuchapa kwake, katika sebule hii yenye dirisha linalotazama barabara.

Bibi alimlea Restuta tangu akiwa na miezi minane, mama yake alipofariki. Wa uzao wake aliobaki nao duniani walikuwa wawili: huyu mjukuu, na mwanawe Nestory aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Nestory alikuwa amempigia mpwa wake simu mapema. "Jaribu huko kijijini," alimwambia. "Lakini nafasi ya hapa dukani nimekushikia mpaka Jumamosi ijayo. Ukiona haiendi, unapanda basi." Bibi aliyasikia hayo. Alijua anayekwenda Mwanza harudi ila Krismasi na misibani.

Na kazi ya kujaribia ilikuwepo. Usharika ulikuwa na watoto tisini na wawili wa kipaimara Jumapili ya wiki inayofuata. Kila mtoto alihitaji cheti chenye jina lake, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo na mstari wake wa Biblia. Mwinjilisti Egbert alileta orodha nzima kwenye daftari, kwa mwandiko wake unaofanana na nyayo za kuku baada ya mvua. "Mchungaji anasema hivi, Restuta," alieleza. "Ukivimaliza vizuri, karatasi zote za usharika zitakuja kwako. Ukishindwa tutakwenda Kayanga kama miaka yote. Hatutakulaumu."

Bibi hakuwa na la kusaidia katika hayo, basi akasaidia kwa anachokijua. Jumapili baada ya ibada alipima sanduku jeusi kwa kamba ya mgomba, juu, chini na ubavuni, akafuma mpaka giza likaingia. Jumatatu asubuhi koti lilikuwa tayari. Lilikuwa la uzi mzito wa sufu, rangi ya manjano, lenye shingo mbele ya kupitisha kidole cha kuwashia na tundu nyuma la kupitisha nyaya. Ndani aliweka bitana. Alitafuta nguo laini isiyokwaruza kitu kipya, akaona hakuna laini kuliko kipande cha lile blanketi alilombebea Restuta mgongoni. Alilivisha sanduku mwenyewe, akavuta ukingo ukakaa sawasawa, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama.

Restuta alishika kipande cha blanketi kilichochungulia kwa chini. Alikitambua. Akakirudisha ndani ya ukingo, akasema, "Asante, Bibi. Limeipendeza."

Siku hiyo ya Jumatatu kompyuta ilianza kwa uzito. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji na kurudi ndipo ifunguke. Restuta alitoa vyeti sita tu mpaka jioni. Alimpigia simu Mwesiga, fundi wa pale Kayanga walikoinunua, akaiweka simu mezani kwa sauti ili mikono yake iwe huru.

"Usiogope," Mwesiga alisema. "Hizi mpya zinakuja na programu nyingi ambazo hukuziomba. Ukiwasha tu, zote zinaamka pamoja zinataka kula. Zima hizo, futa hizo, nitakutajia."

Bibi alisikiliza akiwa anachambua maharage. "Yaani ni kama wapambe," alisema. "Wamemsindikiza bibi harusi, harusi imekwisha, wao hawaondoki. Kila asubuhi wanangoja uji."

Mwesiga alicheka kwenye simu. "Huyo bibi yako aje anisaidie kufundisha."

Restuta aliwafukuza wapambe, mmoja baada ya mwingine, na kweli Jumanne asubuhi mashine iliwaka upesi. Bibi alimshukuru Mungu kibanjani, kati ya migomba yake, jembe mkononi. Lakini aliporudi saa nne na mkungu kichwani, akaketi kwenye kiti chake sebuleni, mashine ilianza tena kuzubaa. Restuta anabonyeza, herufi inakuja baada ya kufikiri. Feni ndani ya sanduku ililia kama nyuki waliochokozwa. Jirani yao Laurensia, aliyekuja kulitazama koti kwa sababu habari zake zilikuwa zimefika kisimani, alitoa maoni yake.

"Ni ugeni. Hata ng'ombe mpya hatoi maziwa wiki ya kwanza." Kisha akalipapasa koti. "Mama, na mimi unifumie hili la televisheni ya mwanangu. Nitaleta uzi."

"Utachagua rangi," Bibi alisema, na furaha haikujificha.

Restuta alimpigia Mwesiga tena. Safari hii hakuweka simu mezani. Alianza kuzungumza ndani, akasema, "Mezani, karibu na dirisha," kisha akatoka nje. Bibi alimwona kupitia dirishani akisimama kwenye mibuni, anachuma jani, analikunja, analikunjua. Aliporudi Bibi alimuuliza fundi amesemaje.

"Amesema tuipe muda."

Wakaipa muda. Lakini Bibi ni mtu wa subira, na mtu wa subira huona mambo ambayo wenye haraka hawayaoni. Kazi yake ilikuwa kupanga vyeti vilivyotoka kwenye printa ili visikunjamane, na kwa kupanga alikuwa anahesabu. Jumanne, yeye akiwa kibanjani, vilitoka kumi na kimoja. Yeye akiwa sebuleni, viwili. Jumatano asubuhi kumi na viwili. Mchana, yeye amekaa pale pale, vitatu.

Usiku huo wa Jumatano alilitafakari jambo hilo kitandani, bila hofu, kama mtu anayetafuta kuku alikoficha mayai. Alikumbuka kwamba huingia sebuleni akitoka jikoni, kanga zake zimejaa moshi. Huenda vitu vipya havipendi moshi. Huenda havipendi mzee akikohoa. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba simu huharibika kwa unyevu wa kwapa; kwa nini mashine isidhurike kwa moshi?

Alhamisi alioga kabla ya kuketi, akavaa gauni la kanisani, akajizuia kukohoa mpaka macho yakamtoka. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri, kwa hiyo kibanjani hakwendeki. Alishinda sebuleni, safi, kimya, mikono mapajani. Mpaka saa tisa alasiri vyeti vilikuwa vitatu.

Egbert alifika amejifunika mfuko wa nailoni. Aligonga matope miguuni, akasema, "Bwana asifiwe," akaitikiwa, akamwamkia Bibi shikamoo, kisha akatazama rundo dogo.

"Viko vingapi?"

"Thelathini na saba," Restuta alisema.

Egbert alihesabu vilivyobaki kwa kutumia macho tu, mwinjilisti mpole asiyependa kuumiza mtu. "Dada yangu, Mchungaji ameniambia nipite kesho jioni. Vikiwa havijaisha nichukue daftari, Jumamosi asubuhi niwahi Kayanga. Kuna mtu pale anangoja."

"Nimeelewa."

"Si kwa ubaya."

"Najua, Mwinjilisti. Asante kwa kunipa nafasi."

Alipoondoka Restuta alibaki anatazama kioo. Kiduara kidogo kilikuwa kinazunguka pale katikati, kinazunguka tu. Bibi aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na kikapu. Ndani alikuwa ameweka kanga mbili, Biblia na dawa zake za presha.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Ihanda, kwa mdogo wangu Edith. Nitakaa huko mpaka Jumapili baada ya ibada."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nakuachia nyumba ufanye kazi." Bibi alikaa kidogo kwenye ukingo wa kochi, kwa sababu jambo lenyewe lilihitaji kusemwa vizuri. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu najua. Nikiwa kibanjani mashine inakimbia. Nikiingia humu inazubaa. Leo nimeshinda nayo, imelala kabisa. Basi mashine haina neno, neno liko kwangu. Labda ni moshi, labda ni uzee. Wala sijakasirika. Kuku anayelalia mayai naye hapendi kutazamwa, tunamwacha, na vifaranga tunavipata. Wewe niitie tu bodaboda."

Restuta hakuita bodaboda. Alimtazama bibi yake katika gauni la kanisani, kikapu mapajani, mwanamke wa miaka sabini na nne anayejifukuza nyumbani kwake kwa upole.

"Si wewe, Bibi."

"Usinifariji. Nimehesabu."

"Si wewe. Ni koti."

"Koti gani?"

Restuta alifuta uso kwa kiganja. Akaeleza. Ndani ya sanduku kuna feni inayovuta hewa ya baridi na kutoa ya moto kupitia vile vitundu vya ubavuni na nyuma. Mashine ikifanya kazi inatoa joto, na likifungiwa ndani linazidi. Ikifika mahali inaona sasa itaungua, inajipunguzia mwendo yenyewe, kama mtu aliyebeba mzigo mlimani saa saba mchana. Mwesiga alilisema hilo tangu Jumanne. Aliuliza swali la kwanza, imekaa wapi, na la pili, imefunikwa na nini?

"Ukamjibu nini?"

"Nilitoka nje ndipo nikamjibu."

"Na asubuhi, inakimbiaje?"

Restuta aliinamisha kichwa. "Jumanne niliivua nikikagua nyaya, ikakimbia; tangu hapo ukienda kibanjani naivua. Nikikusikia unakohoa pale kwenye chanja la kahawa, naivisha."

Bibi alilifikiria hilo. Aliona siku zile mbili upya: yeye anarudi na mkungu, anakohoa, na humu ndani mtu mzima anakimbizana na sanduku kulivalisha kama mtoto aliyechelewa shule.

"Kumbe kikohozi changu ndicho kengele," alisema.

"Nisamehe, Bibi."

Bibi aliweka kikapu chini. Akaenda mezani, akaingiza mkono chini ya sufu, katikati ya blanketi na bati. Joto lilimpokea. Alilijua joto lile tangu akiwa msichana Kamuli, kwa mama yake, akitumwa kupima shimo la ndizi: unafunua majani kidogo, unaingiza mkono, na ukikuta limepata joto la namna hii unajua ndizi zinaiva. Majani yakipangwa vizuri hayapitishi hewa hata kidogo, na yeye alikuwa fundi wa kupanga majani kabla hajawa fundi wa kufuma.

"Restuta," alisema taratibu, "mashine ya watu tumeivundika."

Restuta alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko, kisha ikawa kicheko. Bibi naye akacheka, akakohoa sana, kikohozi chote alichokibana tangu asubuhi. Kisha akalivua koti kwa mikono yake, akageuza ndani nje. Kwenye bitana, mkabala na vile vitundu, palikuwa na duara la joto kavu.

"Mbona hukusema? Jumanne ungesema, leo ungekuwa unamalizia."

"Ulilifuma bila kulala mchana. Ukaweka na lile blanketi. Laurensia anakuja kulitazama, unafurahi. Ningekuvuaje nguo mbele za watu?"

"Ukaona bora kazi ikufie?"

"Nilisema nitakimbiza asubuhi, nitamaliza. Sikujua kama mvua itanyesha."

Bibi alitaka kukemea, na alikuwa na haki. Lakini kemeo lilipofika mdomoni alikuta pamejaa kitu kingine. Alimtazama binti huyu aliyebaki bila mama akiwa na miezi minane, ambaye alikuwa tayari kupoteza dirisha lake, kijiji chake na kazi aliyoiota miaka miwili, ili mzee asione haya kwa ajili ya uzi. Watu wanaomba watoto wenye akili, wenye bahati, wenye kusoma. Yeye hakukumbuka kama aliwahi kuomba wa namna hii. Alipewa tu.

"Heshima yako nimeipokea," alisema mwishowe. "Asante. Lakini heshima ya kukupeleka Mwanza siitaki. Kesho nikikosea uniambie saa hiyo hiyo, hata kama Mchungaji yuko hapo. Mpigie fundi. Mwambie ukweli."

Mwesiga aliposikia ukweli aliuliza kama koti lilikuwa la uzi unaotoa manyoya. Lilikuwa. Basi zimeni, alisema, chomoeni waya, fungueni ubavu. Wakafungua. Kwenye feni mlikuwa na utando wa manjano, mwepesi kama manyoya ya kifaranga. Bibi alileta unyoya wa jogoo, na kwa mkono usiotetemeka akapangusa panga moja baada ya jingine, mpaka feni ikazunguka kwa kupulizwa tu. Walipoiwasha haikulia. Restuta alibonyeza, herufi ikaja hapo hapo.

"Sasa kaa hapa," Restuta alimvutia kiti. "Mwandiko wa Mwinjilisti unanimaliza. Wewe soma, mimi niandike."

"Mimi wa darasa la tatu?"

"Biblia unaisoma kila siku, na watu wa daftari hili wote unawajua."

Ni kweli aliwajua. Alisoma polepole, kidole chini ya kila jina, na pale herufi za Egbert zilipokwama alitumia kumbukumbu. "Hapa ameandika kitu kama 'Umuduaye', lakini huyu ni Uwiduhaye, binti wa Hategekimana anayelima karibu na daraja. Alizaliwa wiki ile mvua ya mawe ilipopiga migomba, tarehe yake ni sahihi." Mahali pengine alimkuta mtoto ameandikwa mara mbili, akamfuta mmoja, na mwingine aliyerukwa akamrudisha. Kila alipofika kwenye mstari wa Biblia aliufungua, akausoma wote kwa sauti, hata pasipohitajika, na Restuta hakumharakisha. Giza lilipoingia walikuwa na kumi na vinne zaidi. Ijumaa walianza baada ya uji. Mvua ilikuwa imekatika lakini Bibi hakwenda kibanjani, na kila alipokohoa Restuta alishtuka, mkono ukaenda kwenye sanduku, kisha wote wawili wakacheka. Cheti cha tisini na mbili kilitoka kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Egbert alifika akiwa amejiandaa kuchukua daftari. Aliketi, akavipitia vyeti kimoja kimoja, akafika kwa Uwiduhaye akatikisa kichwa. "Jina hili mimi mwenyewe nilikuwa sina hakika nalo." Akavirudisha kwenye bahasha. "Jumatatu nitaleta barua za harambee ya ujenzi wa nyumba ya mtumishi. Na orodha ya wazee. Vyote ni vyako sasa." Kisha akauliza, maana ni mwinjilisti lakini naye ni mtu, "Ilikuwa inaumwa nini?"

Restuta alimtazama bibi yake, akafungua mdomo. "Ni programu tu, Mwinji—"

"Ni mimi," Bibi alimkatiza. "Niliivisha sweta. Ikashindwa kupumua."

Egbert alilitazama koti lililokunjwa juu ya kochi, akamtazama Bibi, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bibi alimsubiri amalize.

"Nenda ukamwambie na Laurensia," alisema. "Ana televisheni ya mwanawe, asije akaleta uzi."

Jumamosi asubuhi Restuta alimpigia mjomba wake. Alisema mambo yake kwa ufupi, akashukuru mara nyingi, akasikiliza, kisha akampa Bibi simu.

"Mama," Nestory alisema, "umemzuia?"

"Sijamzuia. Kazi ndiyo imemzuia."

"Una uhakika? Nafasi bado ninayo."

"Asante kwa kumshikia, mwanangu. Ulifanya jambo la ndugu, na sitalisahau. Sasa mpe mtoto mwingine mwenye shida nayo. Usiiache ikae bure."

Nestory alisema sawa, akasema shikamoo tena, akakata. Bibi alikuwa bado anageuza simu mkononi, akitafuta pa kubonyeza, mtu alipobisha dirishani. Alikuwa mwanamke mgeni, amebeba mtoto, karatasi imekunjwa mara nne mkononi.

"Hodi hapa. Nimesikia mnatoa kopi. Nina cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mwenyewe yupo, au amesafiri?"

"Zunguka mlangoni, mama, karibu," Bibi alimwambia. "Mwenyewe yupo."